Kitabu cha Ziada: Historia ya Kusoma kwa Kujifurahisha katika Madarasa ya Tanzania

Lawama kwamba Watanzania hawapendi kusoma ni ya siku nyingi, na mara nyingi huelekezwa kwa wanafunzi, ambao hudaiwa kufungua kitabu pale tu mtihani unapokaribia na kukiweka kando mara unapokwisha. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini historia ya shule nchini ina jambo ambalo wanaolaumu hulisahau: kusoma kwa kujifurahisha, yaani kusoma kitabu kwa hamu ya kujua kisa kitaishia wapi, bila kutazamia swali la mwalimu wala alama ya mtihani, kumewahi kuingia darasani zaidi ya mara moja, kukapokelewa vizuri na watoto, kisha kukasukumwa nje kwa sababu ambazo watoto hawakuwa na mkono wowote ndani yake. Anayetaka kuwahukumu wanafunzi wa leo hana budi kwanza kuijua historia hiyo.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki maandishi yalikuwa chanzo cha burudani kabla ya kuwako kwa shule za aina ya Kizungu. Watoto walipelekwa chuoni, mahali pa kufundishwa Kurani, ambako walijifunza herufi za Kiarabu na kuhifadhi aya kwa moyo, na waliokwenda mbele zaidi waliweza baadaye kuzitumia herufi hizo hizo kusomea maandishi ya Kiswahili. Hivyo ndivyo zilivyosomwa tenzi, mashairi marefu ya masimulizi na mawaidha, kama Utendi wa Tambuka ulioandikwa mwaka 1728 na ule wa Mwana Kupona wa katikati ya karne ya 19. Miswada ya kazi hizo ilikuwa michache na iliyonakiliwa kwa mkono, kwa hiyo mmoja alisoma kwa mahadhi na wengine wakasikiliza, wakiwamo ambao hawakujua kusoma hata herufi moja. Jambo hili linafaa kukumbukwa, maana wapo wanaodhani kwamba kusoma kwa raha ni lazima kuwe kwa mtu mmoja aliyejitenga na kitabu chake, hali katika utamaduni wa Waswahili raha ya maandishi ilianza kama jambo la kushirikiana, na mwalimu anayewasomea wanafunzi wake hadithi kwa sauti anaendeleza desturi ya kale kuliko shule yenyewe.

Shule za wamisionari ndizo zilizoleta hadithi iliyopigwa chapa. Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Kanisa la Anglikana, ilihamia Unguja mwaka 1864, ikawa na mtambo wa uchapaji ambao vijana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa walifundishwa kuutumia. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alitoa mwaka 1867 kitabu kidogo kilichoitwa Hadithi za Kiingereza, chenye visa vya tamthilia za Shakespeare vilivyosimuliwa kwa Kiswahili chepesi, na mwaka 1870 akachapisha London mkusanyo mkubwa wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Mwaka 1888 shule ya misheni iliyokuwa Kiungani ikaanzisha jarida la Msimulizi, ambalo jina lake peke yake laonyesha lilivyotaka kuwafikia wasomaji. Wamisionari hawakuficha kwamba lengo lao la mwisho lilikuwa Biblia, na hadithi kwao ilikuwa njia ya kumzoesha mwanafunzi kusoma. Hata hivyo, miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa Unguja hadithi zilikuwamo, nazo ziliwekwa mikononi mwa wanafunzi.

Serikali ya Wajerumani ilitaka shule zake zitoe makarani na wasaidizi wa utawala, na haikujali sana mwanafunzi alisoma nini nje ya haja hiyo. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa katika shule ya Tanga, liliwapa wahitimu kitu cha kusoma kwa miaka kadhaa, hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolikomesha.

Chini ya Waingereza mambo yalipangwa kwa makini zaidi. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa jarida la Mambo Leo mwaka 1923, ambamo habari za serikali, maarifa ya kilimo, mashairi na hadithi zilichanganywa pamoja, na mwalimu wa shule ya mbali aliyelipata alikuwa na kitu kipya cha kuwasomea wanafunzi wake. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chombo kilichokabidhiwa kazi ya kusanifisha Kiswahili, yaani kukubaliana juu ya tahajia moja na sarufi moja kwa nchi zote za eneo hilo kwa kufuata msingi wa lahaja ya Kiunguja. Kamati isingeweza kusanifisha lugha ya shule pasipo vitabu vya shule, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mfasiri mwenye bidii isiyo ya kawaida. Kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na katikati ya miaka ya 1930 wanafunzi walipata Kisiwa Chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani, Safari za Gulliver na Alfu Lela Ulela, kazi za Johnson peke yake au za Johnson na wenzake.

Vitabu hivyo vinastahili kutazamwa kwa haki. Ni kweli kwamba kitabu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani kinamwonyesha Mwafrika kwa jicho la mkoloni, mashujaa wake wakubwa wakiwa wageni waliokuja kutafuta almasi, na mtoto wa Kiafrika aliyekisoma alitakiwa kuwashangilia watu ambao hawakuwa wa kwao. Ni kweli pia kwamba kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kilikuwa kwa muda mrefu mfano wa pekee wa masimulizi marefu ya nathari yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika mwenyewe na kutumika shuleni. Lakini tafsiri hizo zilikuwa na sifa moja ambayo vitabu vingi vya shule vya baadaye vilikosa: zilikuwa na kisa. Msomaji alitaka kujua kama hazina itapatikana na nani atarudi akiwa hai, na hamu hiyo ndiyo inayomfanya mtoto afunue ukurasa unaofuata bila kuamriwa.

Palipoharibika ni katika namna ya kuvifundisha. Somo la kusoma lilifuata utaratibu ambao wazee wengi waliosoma enzi hizo, na wengi waliosoma baada yao, wanaufahamu vizuri. Mwanafunzi mmoja husimama, akasoma aya moja kwa sauti, mwalimu akamsahihisha matamshi, akakaa, akasimama wa pili yake. Aya zikiisha, mwalimu huuliza maswali ya ufahamu, yaani maswali ya kupima kama kilichosomwa kimeeleweka, na mara nyingine hufunga kipindi kwa imla, ambapo wanafunzi huandika sentensi zinazosomwa na mwalimu ili kupimwa tahajia. Kwa mwendo huo darasa husoma kurasa mbili au tatu kwa kipindi, vitabu hukusanywa kengele inapolia, na mwanafunzi aliyeachwa mahali pa hatari kabisa ya kisa hungoja siku nyingi kabla ya kuendelea. Utaratibu huu ulikuwa na faida zake pale vitabu vilipokuwa vichache na mwalimu akitaka kumsikia kila mtoto, lakini uliigeuza hadithi kuwa zoezi, ukamfundisha mwanafunzi kwamba kazi ya kusoma ni kutokosea.

Hatua ya pili ilitokea nje ya darasa. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, shirika la maandiko la nchi za Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Nairobi na kuongozwa na Charles Richards, likiwa na kazi ya kuwatafuta waandishi, kuchapisha vitabu na kuvifikisha kwa wasomaji. Njia iliyotumika kuvifikisha mbali ilikuwa sanduku: vitabu vilipangwa ndani ya masanduku ya mbao, vikapelekwa mashuleni na katika vituo vya jamii, vikakaa hapo kwa muda, kisha sanduku likarudishwa ili kubadilishwa kwa lingine. Shirika hilo pia liliendesha mashindano ya uandishi, na katika shindano la miaka ya 1957 na 1958 alishinda Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni na akili nyepesi kuliko askari, aliwapa vijana shujaa wa nyumbani anayezungumza Kiswahili cha Unguja kwa ufasaha usio na kifani. Mwaka 1965 shirika hilo hilo likatoa Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, na baada ya hapo riwaya ya upelelezi ikawa na wasomaji wake wasiohitaji kuhimizwa na mtu.

Uhuru ulikuja na ahadi kubwa. Sheria ya mwaka 1963 iliunda bodi ya huduma za maktaba, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Rais Julius Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule ambao siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa na Kiswahili kikathibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Somo la Kiswahili likapata vitabu vyake vilivyotungwa nchini, mashuhuri kuliko vyote vikiwa ni mfululizo wa Tujifunze Lugha Yetu. Hivi vilikuwa vitabu vya kiada, jina linalotumika kwa kitabu kikuu cha somo kinachofuata muhtasari na ambacho kila mwanafunzi anapaswa kuwa nacho, tofauti na kitabu cha ziada, ambacho humpanua mwanafunzi lakini somo laweza kuendelea bila hicho. Waliovisoma wamekwisha kuwa wazazi na babu, na wanapovikumbuka hawataji mazoezi ya sarufi. Wanataja Kibanga Ampiga Mkoloni, Sizitaki Mbichi Hizi, Brauni Ashika Tama, na Bulicheka na mkewe Lizabeta, na wanaweza kueleza hata picha zilizokuwa pembeni mwa ukurasa. Kwa watoto wa vijijini wa kizazi hicho, wengi wao wakiwa hawana kitabu kingine chochote nyumbani, kitabu cha kiada kilibeba kazi ya kitabu cha ziada, na kilifanikiwa kwa sababu watungaji wake walithubutu kuweka kichekesho na kisa ndani ya somo.

Mambo yakageuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi mapema kuliko ilivyopangwa, na kufikia mwanzo wa muongo uliofuata shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 3, zaidi ya maradufu ya wale waliokuwapo kabla ya azimio. Wakati huo huo kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa ikishusha idadi ya wasiojua kusoma kutoka takribani theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 kwa takwimu za serikali za mwaka 1986, na kisomo hicho nacho kilihitaji karatasi. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulikwenda na East African Literature Bureau, vita dhidi ya Idi Amin na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza fedha za kigeni, karatasi ikaadimika. Taifa lilikuwa limefundisha watu wake kusoma kwa kasi iliyosifiwa duniani, na likajikuta halina cha kuwapa wasome.

Katika uhaba huo ndipo ilipoota mizizi desturi iliyodhuru usomaji kuliko uhaba wenyewe. Vitabu vya shule ni mali ya serikali; vinapopokelewa huandikwa katika leja, daftari la kumbukumbu za mali, na mwalimu mkuu huwajibika navyo anapokaguliwa na anapomkabidhi ofisi mrithi wake. Kitabu kilichopotea ni hoja. Kitabu kilichokaa kabatini bila kuguswa hakina hoja. Mwalimu mkuu mwenye busara alijua afanye nini, na hivyo hata shule iliyobahatika kupata vitabu vichache vya hadithi ilivifungia katika kabati la ofisi kwa kufuli, vikatolewa mgeni alipokuja na kurudishwa alipoondoka. Hakuna aliyekusudia ubaya katika hilo, lakini mtoto aliyepita mbele ya kabati hilo kwa miaka saba hakuweza kujifunza lingine isipokuwa kwamba kitabu si chake.

Waliotaka kusoma walitafuta njia nyingine. Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa ndiyo neema ya riwaya pendwa, vijitabu vyepesi vya mapenzi, ujambazi na upelelezi vilivyotoka kwa wingi Dar es Salaam, pamoja na majarida ya katuni kama Sani. Vijitabu hivyo viliingia madarasani chini ya dawati na ndani ya daftari la hesabu, vikazungushwa kutoka mkono hadi mkono hadi jalada likabanduka na kurasa za mwisho zikapotea, na aliyekamatwa navyo alinyang'anywa na pengine kuchapwa. Walimu walikuwa na sababu ya kuhofia baadhi ya yaliyomo. Lakini mtu anayetafuta ushahidi kwamba wanafunzi wa Tanzania walipenda kusoma hana haja ya kwenda mbali: walisoma walichokatazwa, wakihatarisha ngozi zao, kwa sababu waliporuhusiwa hawakuwa na cha kusoma.

Katika shule za sekondari tatizo lilikuwa na sura nyingine, maana huko lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na utafiti uliofanywa mwaka 1984 ulionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakukijua kiasi cha kuweza kusomea masomo yao. Jibu lilikuwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza, ambao moyo wake ulikuwa programu ya kusoma: masanduku ya vitabu vyepesi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu yalipelekwa mashuleni ili mwanafunzi ajichagulie na asome kwa raha, asizuiwe na kila neno jipya. Baadhi ya vitabu hivyo vilitungwa nchini kuhusu maisha ya nchini, kama Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer vya Richard Mabala, ambavyo vijana walivipenda kwa kuwa walimjua dereva na mkulima wa namna ile. Kilichofuata kinasikitisha. Vitabu hivyo viliingizwa katika orodha ya vitabu vya fasihi vya kidato cha kwanza na cha pili, maswali ya mtihani yakatungwa juu yake, vikatokea vijitabu vya muhtasari na majibu, na mwanafunzi akaweza kujibu maswali kuhusu Hawa pasipo kumsoma Hawa mwenyewe.

Jaribio lililoelewa vizuri zaidi kilichokuwa kinakosekana lilianza mwaka 1991, serikali ilipokuwa inalegeza mkono wake katika uchapishaji, nalo ni Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi ulifundisha waandishi na wachoraji, ukateua miswada iliyo bora, ukamhakikishia mchapishaji kwamba sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu itanunuliwa na kusambazwa mashuleni, na zilizobaki akauza mwenyewe. Wachapishaji binafsi waliokuwa ndio kwanza wanaanza, kama Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya na E & D ya Elieshi Lema, walipata ujasiri wa kutoa vitabu vya watoto ambavyo soko peke yake lisingevibeba, na baada ya muda vikawapo vitabu vya Kiswahili vyenye picha nzuri, wanyama na watoto wake wakiwa ni wale mtoto wa Tanzania anaowaona au kusimuliwa.

Haikuchukua muda kubainika kwamba kupeleka kitabu shuleni hakutoshi, kwa kuwa kabati lilikuwa likingoja. Kwa hiyo mwaka 1997 mradi ulianza programu ya kusoma, iliyomlenga mwalimu. Walimu walifundishwa kuwasomea watoto hadithi kwa sauti, wakisimama mahali pazuri na kuuliza darasa linadhani nini kitatokea. Walifundishwa kutenga kona ya kusomea ambapo vitabu hukaa wazi mahali mtoto anapoweza kuvifikia. Walifundishwa pia kuwaacha wanafunzi waigize hadithi, waichore, waibadilishe mwisho wake, na hata watunge na kushona vitabu vyao wenyewe vya karatasi za manila vikasomwe na wenzao. Anayeujua utaratibu wa zamani wa kusimama na kusoma aya ataona ukubwa wa badiliko hili: mwalimu aliyekuwa akingoja kosa anakuwa msomaji mwenza, na usomaji unarudi kuwa wa pamoja kama ulivyokuwa katika baraza za mwambao.

Programu hiyo, hata hivyo, ilizifikia shule chache kwa kulinganisha na zote zilizopo, na sera ya taifa haikwenda nayo sambamba. Ada ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka uliofuata, madarasa yalifurika tena, na fedha za vitabu zikaelekezwa kwenye kiada, jambo lililoeleweka pale watoto wengi walipokuwa wakichangia kitabu kimoja. Mwaka 2013 kazi ya kuandaa kiada ilirudishwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania, wachapishaji binafsi wakabakiwa na ziada, ambayo shule chache zina fungu la kuinunua. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza kutumika mwaka 2015 katika darasa la kwanza na la pili, uliwapa watoto wadogo muda mrefu zaidi wa kujifunza kusoma, na hilo ni jema. Lakini mtoto akishavuka darasa la pili hukutana na masomo mengi, mtihani wa darasa la nne, kisha wa darasa la saba, na jioni zake huchukuliwa na masomo ya ziada, ambayo licha ya jina lake ni marudio ya yale yale ya asubuhi. Katika ratiba ya namna hiyo mwalimu anayetenga nusu saa ya hadithi anaonekana kupoteza muda.

Tangu mwaka 2022 kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na kupitia hiyo serikali imejitwika jukumu la kugharimia uchapishaji wa kazi zinazoshinda ili ziwafikie wanafunzi. Waandishi wapo na wachoraji wapo, na baada ya zaidi ya karne na nusu ya hadithi za Kiswahili zilizopigwa chapa, hakuna tena wa kusema kwamba hakuna cha kusoma. Wizara inayohusika na elimu inaombwa ifanye mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi: itenge katika ratiba ya kila shule kipindi cha hadithi kisicho na swali wala alama, na ibadili mwongozo wa leja ili kitabu cha ziada kilichochakaa au kupotea mikononi mwa wasomaji kihesabiwe kuwa kimetumika, na mwalimu aliyekiazimisha asidaiwe.